Andika somo ambalo kila simu itafungua



Siku moja nilitayarisha somo kwa viongozi wa vikundi vya maombi, nikalituma toka Butembo kwenda Beni. Kwenye ordinatere yangu lilikuwa zuri, lenye vichwa vya rangi. Jioni mzee mmoja akanipigia: « Mchungaji, simu yangu inakataa kulifungua. » Hakuwa na programu niliyotumia mimi. Kesho yake kikundi chake, wengi wao wakimbizi wa vita toka vijijini, kilikaa bila somo.

Tangu hapo ninaandika kwa herufi tupu, bila mapambo. Maandishi ya namna hiyo yanafunguka karibu kila mahali, wala hayali mega nyingi. Lakini msomaji atajuaje kichwa ni kipi? Mwaka 2004 Mmarekani John Gruber alitoa njia iitwayo Markdown, yenye alama chache zilizoko tayari kwenye simu zetu. Mfano:

# Kusamehe ndugu

Kusoma: Mathayo 18:21-35

- Deni la mtumwa
- Deni la mwenzake

Alama # mwanzoni mwa mstari huonyesha kichwa. ## Ni kichwa kidogo. Nyota mbili kila upande hukoleza neno. Kistari na nafasi huanzisha orodha. Acha mstari mtupu kati ya sehemu na sehemu. Hata alama zikibaki zilivyo, mzee anasoma na kuelewa. Mwenye ordinatere akitaka kuchapisha, programu ya bure iitwayo Pandoc huzigeuza kuwa hati iliyopangwa.

Angalieni jambo moja: kwenye WhatsApp, nyota moja kila upande ndiyo hukoleza neno. Katika Markdown, nyota moja hulaza herufi.

Njia ya namna hii si ngeni kanisani. Watafsiri wengi wa Biblia huandika \c mbele ya namba ya sura, na \v mbele ya namba ya aya.

Tena inamsaidia mhubiri mwenyewe. Rangi zinaweza kuficha somo lisilo na mpango. Alama hizi haziwezi. Ukikosa neno la kuandika baada ya #, bado hujajua utahubiri nini.

Makatibu wa parokia, jaribuni wiki hii kwa tangazo moja tu. Mtumieni kwanza mzee mwenye simu ya zamani kuliko wote. Akilisoma yeye, wengine watalisoma.

Bwana awabariki.