Simu Kuukuu Yaweza Kuwa Bawabu wa Nyumba

WAHENGA walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Huko Ukambani neno hili halikuwa la midomoni tu. Tairi lililochakaa lilikatwa likawa viatu vya akala. Kopo tupu liligeuzwa koroboi ya kuwaangazia watoto wakidurusu. Hata msumari uliopinda ulitiwa motoni na mhunzi, ukatoka ukiwa ncha ya mshale.

Lakini leo, katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni, kuna kitu ambacho bado hakijampata mhunzi wake. Kitu hicho ni simu ya zamani. Kioo kimepasuka, mwenyewe amekwisha kununua nyingine, na ile ya kwanza imelala katika droo miaka nenda miaka rudi. Zikitupwa hugeuka sumu ardhini. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kushughulikiwa ipasavyo.

Sasa, msomaji, tutazame shida ya pili, ambayo huenda dawa yake imo katika droo hiyo hiyo. Mtoto aliye Wote au Mwingi afungua ukurasa wa intaneti asome somo la sayansi. Kabla hajafika kwenye somo, picha zinamrukia: bahatisha hapa, kopa pale, shinda mamilioni usiku huu. Picha hizo huja kwa bando, na bando hilo amelilipia mzazi. Yaani mwenye nyumba humlipia nauli mgeni ambaye hakumwalika, kisha mgeni huyo huketi na kumfundisha mtoto wake kucheza kamari.

Serikali yenyewe iliona uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Aprili, 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Lakini amri ya siku 30 ina mwisho wake, na mlango wa nyumba hauna budi kuwa na bawabu kila siku.

Bawabu huyo hufanyaje kazi? Intaneti ina daftari lake la majina, lililobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kila simu inapotaka kufungua ukurasa, huuliza kwanza: fulani anakaa wapi? Hujibiwa kwa nambari, ndipo huenda. Ukurasa wenye matangazo huuliza mara nyingi, kwa kuwa matangazo hukaa kwingine, kwa wenye biashara hiyo. Bawabu husikiliza maswali yote ya nyumba. Akiulizwa jina la mtu mwema, hujibu. Akiulizwa jina lililo katika orodha ya watangazaji, husema hayupo. Basi tangazo haliji kabisa, wala halili bando.

Watu wa Kitui na Makueni hawatashangaa. Wao ndio mabingwa wa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa katika mto wa msimu, mchanga hujaa, na maji hujificha humo yakichujwa. Bawabu wetu ni kama mchanga huo.

Programu ya namna hii iitwayo Pi-hole ilianzishwa Marekani mwaka 2014 na Jacob Salmela. Kwa kawaida huwekwa katika kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ni lazima inunuliwe. Lakini simu ya Android ni kompyuta pia, na nguvu zake zinatosha kwa kazi hii. Tena ina betri yake, kwa hiyo stima ikipotea haizimiki ghafla. Programu ya AdGuard Home yaweza kuendeshwa ndani yake.

Hata hivyo kazi yataka fundi. Android humzuia mtumiaji wa kawaida asitumie mlango nambari 53, unaopitisha maswali hayo, hivyo sharti fundi aifungue simu apate mamlaka yote juu yake. Kisha simu hupewa anwani isiyobadilika, na ruta ya waifai huagizwa kuwapeleka watu wote wa nyumba kwake. Ruta isiyokubali agizo hilo, basi kila simu itaagizwa peke yake.

Wala tusidanganyane. Bawabu huyu hawezi kuzuia matangazo ya YouTube, kwa sababu hutoka katika mlango ule ule wa video zenyewe. Hawezi kuzuia jumbe fupi za kamari. Na kuna hatari ambayo haifai kufichwa. Betri ya simu inayochajiwa usiku na mchana huweza kuvimba, na iliyovimba yaweza kushika moto. Usiifunike kwa kitambaa, usiiweke karibu na mabati ya moto, na ukiona mgongo wake umeinuka, izime na uiondoe.

Na nyumba isiyo na waifai? Simu za Android kuanzia toleo la 9, la mwaka 2018, zina nafasi katika mipangilio ya mtandao ya kuandika jina la bawabu wa mbali, asiyehitaji kifaa kingine. Nafuu hiyo si haba.

Mafundi wa simu wamejaa katika masoko yetu, kuanzia Kalundu hadi Emali. Vijana hao wanajua kufufua kilichokufa. Mzee wa zamani hakumuuliza mhunzi kama msumari ni mpya. Alimuuliza kama utachoma. Tuifungue ile droo, tuwaulize vijana wetu swali kama hilo.