Kinga ya mwili dhidi ya malaria

Kinga ya mwili dhidi ya malaria ni uwezo wa kupambana na vimelea vya ugonjwa huo ambao binadamu huupata kidogokidogo baada ya kuambukizwa mara nyingi. Haizuii kabisa maambukizi, bali hupunguza ukali wake. Huonekana kwa wakazi wa maeneo yenye malaria ya kudumu, kama vile Maparoni, kata ya Wilaya ya Kibiti katika delta ya mto Rufiji, nchini Tanzania.

Jinsi inavyofanya kazi

Mbu jike wa jenasi Anopheles anapouma huingiza vimelea ambavyo huelekea kwenye ini. Baada ya wiki moja hivi hutoka humo na kuvamia seli nyekundu za damu. Plasmodium falciparum huzipasua kila baada ya saa 48 hivi, na hapo mgonjwa hupata homa na kutetemeka.

Kinga ya kuzaliwa nayo hujibu kwanza: seli nyeupe humeza vimelea, na wengu huchuja seli zilizoambukizwa, hata wakati mwingine huvimba. Kinga ya pili huchelewa, lakini ina kumbukumbu: baadhi ya seli huua seli za ini zenye vimelea, na nyingine hutengeneza kingamwili. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia waliwapa watoto wagonjwa kingamwili kutoka kwa watu wazima, na vimelea vikapungua.

Kwa kuwa kimelea hubadilisha protini zake, kingamwili za zamani huenda zisikitambue. Ndiyo maana kinga huchukua miaka kujengeka.

Mipaka yake

Mtoto mchanga hulindwa kwa miezi michache na kingamwili za mama. Baada ya hapo yumo hatarini zaidi. Mjamzito, hasa wa mimba ya kwanza, hushambuliwa na vimelea vinavyojificha katika kondo la nyuma. Anayehamia mahali pasipo na malaria hupoteza sehemu ya kinga yake, hivyo akirudi kijijini anaweza kuugua vibaya. Mtu mzima asiye na homa naye anaweza kuwa na vimelea na kuambukiza mbu. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kinamhusu pia.

Chanjo

Chanjo za RTS,S na R21, zilizojaribiwa pia Bagamoyo, huuzoesha mwili wa mtoto kukitambua kimelea kabla hakijajikita kwenye ini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023.