Usilipe ekrani mpya mbio: mstari unaokata video kwenye Linux

Bandugu, wengi wetu tuko na laptop za okazio, na tumeweka Linux juu ni ya bure na haichokeshe mashine. Sasa unaangalia video, mtu anatembea kutoka kushoto kwenda kuume, unaona tumbo lake limetangulia na kichwa kimebaki nyuma. Picha imekatwa na mstari wa kulala. Watu wanasema ekrani imekufa, wanaanza kutafuta dola za kununua ingine. Mimi nasema: ngoja kwanza.

Zima mashine, uiwashe, angalia nembo ya kampuni inayotokea mbele Linux haijaingia. Kama mistari iko hata pale, ni ekrani ao kebo yake, pelekea fundi. Lakini kama mstari unaonekana tu wakati kitu kinatembea, na ukisimamisha video unapotea, ekrani yako ni nzima.

Ekrani nyingi za laptop zinachora picha upya mara 60 kwa sekunde, kutoka juu kwenda chini. Kila mara moja inachukua karibu milisekunde 17. Kadi ya grafiki ikileta picha mpya wakati ekrani imefika katikati, juu itabaki picha ya zamani na chini itakuwa mpya. Ni kama mwanafunzi anayekopia ubao: hajafika nusu, mwalimu amefuta yote na kuandika somo lingine. Daftari itakuwa na masomo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Anayeweza kumzuia huyo mwalimu ni kompozita, programu inayokusanya madirisha yote na kutengeneza picha moja. Ukiiambia ifuate VSync, inangoja ekrani imalize mpaka chini ndipo inatoa picha ingine.

Kwangu natumia Xfce. Kwanza naruhusu kompozita katika mapangilio ya madirisha, halafu kwenye terminali naandika:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx

Kisha natoka kwenye sesyo na kuingia tena. Kama glx haikubali vizuri na kadi yako, weka xpresent pa nafasi yake.

Kuko mtego mmoja. Video inakuwa safi ndani ya dirisha dogo, lakini ukiijaza ekrani yote mstari unarudi. Ni juu Xfce iko na chaguo linaloacha dirisha lililojaa ekrani lipite bila kompozita. Liondolee alama, palepale kwenye sehemu ya kompozita.

Wenye i3 ao Openbox waweke picom, na katika faili yake waandike backend = "glx"; na vsync = true; lakini wasiwashe kompozita mbili pamoja. Wenye GNOME ao KDE juu ya Wayland, kwa kawaida hawataona tatizo hili.

Bei yake ni ndogo: mashine inachelewa kidogo sana kujibu. Wapenda michezo ya mbio watalalamika. Kwa masomo na filamu, mimi naiacha siku zote.

Na wewe unayekwenda kutetea TFC yako na video ndani, jaribu projekta mapema. Kwenye X11 kompozita inafuata mwendo wa ekrani moja, ya pili inaweza kukatika. Ikitokea, zima ekrani ya laptop kwenye mapangilio, uache projekta peke yake.