Mwizi wa ng'ombe ni nani? Mchezo wa usiku unaowatoa jasho vijana wa Bariadi

Mpenzi msomaji, kama una mchumba na bado unampenda, usimlete kwetu Bariadi Ijumaa usiku. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Wapo wawili hapa mjini, majina nayahifadhi, nusura uchumba wao uote mbawa kwa sababu ya karata moja tu. Jamaa alikula kiapo mbele ya watu kumi na moja kwamba yeye si mwizi. Akamtazama bibie machoni, sauti laini kama ya mchungaji wa kanisa, na bibie wa watu akamwamini, akampigia kura mtu mwingine. Karata zilipofunuliwa, lo! Mwizi ni yeye. Bibie hakucheka. "Hata kope hukupepesa," akasema. "Sasa ukiniambia uko Lamadi kikazi, nitajuaje?" Jamaa akabaki kukodoa macho, ikabidi sisi wenye kijiwe tuingilie kati.

Mwenye kijiwe ni mimi. Kila Ijumaa, wauza duka wakishafunga na walimu wakishamaliza kusahihisha madaftari, huwa nakusanya watu kati ya saba na kumi na watano nyuma ya nyumba, tunapanga viti vya plastiki duara, kuna chai, karanga na michembe, halafu tunadanganyana hadi usiku mkubwa. Bia hakuna. Mlevi hajui kuficha siri, anaharibu mchezo.

Kwa wale ambao hawajauona, mchezo uko hivi. Mgawa karata hachezi, na sisi tunamwita balozi, kama yule wa nyumba kumi. Balozi anagawa karata kifudifudi. Aliyepata jokari ni mwizi wa ng'ombe, na jokari zipo mbili. Aliyepata kingi ni mpelelezi. Waliobaki wote ni wanakijiji wema, wafugaji na wakulima wa pamba, hawajui lolote. Balozi anatangaza usiku, watu wote wanafumba macho. Wezi peke yao wanafumbua, wanajuana, wanamnyooshea kidole wa kuibiwa. Wanafumba. Anaamka mpelelezi, anamwonyesha balozi mtu mmoja, balozi anatikisa kichwa, ndiyo au siyo. Kunakucha. Balozi anasema, "Fulani zizi lake limesafishwa lote, amehamia kwa wakwe." Huyo ametoka, hasemi tena. Sasa kijiji kinakaa kikao, na hapo ndipo patashika inapoanza. Nani mwizi? Mnabishana, mnapiga kura, mwenye kura nyingi anatengwa, karata yake inafunuliwa. Usiku mwingine. Wezi wakiisha kijiji kimeshinda. Wezi wakilingana idadi na wema, basi, kijiji kimekwisha.

Mwenye kuubuni ni Mrusi, Dimitry Davidoff, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Moscow idara ya saikolojia miaka ya 1980. Yeye aliuita Mafia, kwa maana ya majambazi wa Italia, siyo kisiwa cha wenzetu wa mkoa wa Pwani ambao sidhani kama wamewahi kuulizwa wanaonaje. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaubadilisha sura, majambazi wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu usiku. Wadogo zetu wameujulia kwenye simu: mwaka 2018 ulitoka mchezo wa Among Us, ukalala doro miaka miwili, halafu mwaka 2020 dunia ilipojifungia ndani kwa ajili ya korona ukalipuka. Ndani yake si kijiji tena, ni chombo cha angani, lakini kisa ni kilekile. Wachache wanajua, wengi hawajui.

Hapo kwenye wachache wanajua ndipo penye utamu, na wanaodhani wengi lazima washinde watakoma. Nilikaa siku moja na kalamu. Chukua kijiji cha watu 7 chenye wezi 2, kikao kianze asubuhi, mpelelezi asiwepo, na wanakijiji wapige kura kwa kubahatisha tu. Kijiji kitashinda mara 8 katika kila mara 35. Yaani hata robo haifiki! Na kuna kituko kingine. Kijiji cha watu 5 chenye mwizi 1 kinashinda mara 7 katika 15, karibu nusu kwa nusu. Ongeza mwanakijiji mwema mmoja wawe 6. Utadhani kijiji kimepata nguvu, kumbe wapi, sasa kinashinda mara 3 tu katika 8. Sababu ni kwamba kura zinabaki mbili zilezile, kwanza kwa watano na kisha watatu, au kwa sita na kisha wanne, ila sasa mwizi ana watu wengi zaidi wa kujificha kati yao. Tangu nilipolijua hili, akija mgeni dakika ya mwisho nahesabu kwanza.

JINA LILILOZUA KASHESHE

Swali utakaloniuliza ni kwa nini wezi wa ng'ombe. Mafia tuliikataa haraka, haina ladha. Mbwa mwitu nao, nani hapa anamwogopa mtu anayegeuka mbwa? Fisi angalau. Mshikaji mmoja, fundi simu, akaruka juu: "Waiteni wachawi!" Watu wakapiga makofi. Na kweli lilikuwa limekaa vizuri, wanaamka usiku, hawajulikani, wanamaliza watu. Wala halikuwa wazo la ajabu, kwa wenzetu wengine duniani upo mtindo unaochezwa kwa jina hilohilo.

Makofi yalipotulia, binti mmoja wa Itilima aliyekuwa amekaa mwisho wa duara akasema taratibu, "Kama ni wachawi mimi sichezi." Fundi akamtania, "Unaogopa nini, au na wewe umo?" Binti hakujibu utani. Akasimulia kwamba bibi yake mzaa mama alihamishiwa Maswa mjini kwa mwanawe yeye akiwa mdogo, usiku, na godoro moja. Sababu ni macho. Yalikuwa mekundu, kijijini yakaanza maneno.

Hapo kijiwe kizima kimya. Wengine tuliokulia huku tulijua mara moja anasema nini, wa Dar wakawa wanatazamana. Basi niwaambie na ninyi msomao. Mama wa Kisukuma anapika miaka arobaini, hamsini, ndani ya kijumba kisicho na dirisha la maana. Kuni zimekwisha, miti imekwisha, kwa hiyo anachoma vijiti vya pamba vilivyokauka na samadi ya ng'ombe. Moshi wake ni wa kutoboa. Macho yakiwa mekundu uzeeni, hiyo ni hati ya jiko. Lakini mtoto wa jirani akifa, au ng'ombe wakianguka, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli anataja. Kwa takwimu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa Usukumani. Wakati huo mkoa wa Simiyu haujazaliwa, Bariadi ikiwa Shinyanga; mkoa umekuja mwaka 2012. Mauaji hayakuishia 1984. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, safari hiyo kwa ajili ya ndugu zetu albino waliokuwa wakikatwa viungo.

Na sheria ya uchawi, ile ya mwaka 1928, imeweka kuwa kumwita mtu mchawi ni kosa lenyewe. Kwa hiyo, bwana fundi, tungekuwa tunavunja sheria kila Ijumaa huku tunakula karanga.

Mimi kama balozi nikakata shauri palepale, uchawi hapana. Ndipo tukawapata wezi wa ng'ombe, ambao Msukuma hahitaji kuelezwa. Fundi akadai basi na mpelelezi aitwe sungusungu. Nikakataa tena, akaninunia. Sungusungu walianzia upande wa Kahama na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakomesha wezi wa mifugo, na wizi ulipungua kweli, wazee watakwambia. Ila nao walifika mahali wakawanyooshea vidole akina bibi walewale. Nikabakiza mpelelezi, jina kavu, halina ndugu. Kwenye ule mtindo wa Plotkin mpelelezi ni mpiga ramli kabisa, na ramli yake haikosei hata siku moja. Sikuwa tayari kuwafundisha vijana wa Simiyu kwamba ipo ramli ya namna hiyo.

KANUNI ZA BALOZI

Baada ya usiku ule nikaanza kuangalia kwa makini nani anatengwa kwanza. Msomaji, inasikitisha. Mara nyingi siye mwizi. Ni mkimya. Ni mgeni. Ni yule aliyechelewa, au dada aliyejibu kwa ukali kidogo. Mwizi mwenyewe anaongea vizuri, anachekesha, tena ndiye wa kwanza kumimina chai. Kijiji kikimtenga mkimya, karata inafunuliwa, namba nyekundu, mtu wa watu hana kosa. Wote wanashika vichwa. Halafu, amini usiamini, kikao kinachofuata wanamtafuta mkimya mwingine! Angalau kwetu karata inafunuliwa. Bibi yule wa Itilima nani angemfunulia?

Kwa hiyo nimeweka kanuni na nazisimamia bila huruma. Ukimtaja mtu, sema amefanya nini hapa usiku huu: amepiga kura vipi, amesema nini kikapingana na nini. Sura hairuhusiwi. Macho, kabila, umri, "huyu namjua tangu shule ya msingi", vyote nje. Mtajwa anapewa dakika moja ya kujitetea na hakuna kumkatiza. Anayelia kwa kutengwa (wapo, tena wanaume wenye ndevu) anapewa michembe.

Mwanzoni walilalamika kwamba nimewabana. Sasa mchezo umekuwa mkali maradufu, maana mwizi hawezi tena kujificha nyuma ya mkimya, inabidi atunge hoja, na hoja ya uongo ina nyayo. Huko Dar wanatutania kwamba Msukuma ni mtu wa wazi, hawezi kudanganya. Waje. Kuna mwalimu hapa wa hesabu, mpole hata kuku hamfukuzi, ameshinda akiwa mwizi mara tatu mfululizo na hakuna aliyemgusa.

Yule binti wa Itilima alikaa, hakuondoka. Wiki ya kwanza alikuwa mwanakijiji, akaibiwa mapema. Ya pili akapata jokari, akatusafisha wote, mpelelezi akiwemo, na alipofunua karata alicheka mpaka akaangusha kiti. Siku hizi nikisafiri yeye ndiye balozi, na ni mkali kuliko mimi. Wiki iliyopita alimtoa fundi simu nje ya mchezo kwa kusema "huyu anaonekana tu". Fundi akaenda kukaa kwenye pikipiki yake nusu saa, akarudi, akamwamkia "Mwadila!" kwa unyenyekevu wote, akaomba karata.