Paka Dume au Jike: Yupi Anaifaa Nyumba Yako?

Katika nyumba nyingi za mijini, paka haji kwa kupangwa. Panya wametoboa gunia la unga, wametafuna nguo za sikukuu, na wanakimbizana darini usiku kucha. Ndipo baba au mama arudipo kazini siku moja na kikapu mkononi, na ndani yake mna mtoto wa paka aliyepewa na rafiki. Watoto hushangilia, mnyama hupewa jina, na jioni ileile huwekewa kisahani cha maziwa. Swali la kama mgeni huyo ni dume au jike huja baadaye, aghalabu baada ya miezi sita, na linapokuja huja kwa kishindo.

Akiwa jike, jamaa huamka asubuhi moja na kukuta paka mmoja amekuwa watano ndani ya kabati la nguo. Akiwa dume, harufu kali ya mkojo huanza kusikika mlangoni, kwenye pazia na kwenye baiskeli ya mpangaji mwenzio, na ugomvi juu ya mabati huwakesha watu wa mtaa mzima. Hapo maneno huanza. Mnyama aliyepokewa kwa shangwe huishia kutiwa guniani na kutupwa sokoni. Ndugu msomaji, makala haya yanakusudia kukusaidia uchague kabla mambo hayajafika huko.

KUMTAMBUA

Wengi huambiwa "chukua huyu, ni dume," kumbe sivyo. Mtoto wa paka ni mgumu kutambulika, lakini akifika majuma sita au manane kazi huwa nyepesi. Mshike kwa upole, inua mkia wake, utazame. Jike ana tundu mbili zilizokaribiana: ya juu ni duara, na ya chini ni kama kimstari, kwa hiyo mbili hizo kwa pamoja hufanana na herufi ndogo ya "i". Dume ana nukta mbili zilizoachana, mfano wa alama ya nukta pacha, na kati yake kokwa huanza kutuna kadiri anavyokua.

Rangi nayo husaidia. Paka mwenye rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na ya machungwa, karibu daima ni jike. Paka wa rangi ya machungwa mtupu, kwa kawaida wanne katika kila watano huwa madume. Sababu ni kwamba chembe ya urithi inayoleta rangi hiyo imo katika kromosomu X. Dume ana X moja tu, hivyo akiirithi chembe hiyo huwa wa machungwa mwili mzima. Jike ana X mbili, na akiirithi katika moja tu hutoka na mabaka ya machungwa na meusi. Jambo hili lilijulikana zamani, lakini ni mwaka 2025 tu ambapo watafiti wa Japani na wa Marekani walitangaza kuwa wameitambua chembe yenyewe.

TABIA ZA DUME

Dume aliyekomaa ni mkubwa kuliko jike. Aghalabu hupata kilo nne hadi tano na zaidi, hali jike wengi wako kati ya kilo tatu na nne. Dume wengi huwa wachangamfu, wapenda kubebwa na wepesi kuwazoea wageni. Hiyo ndiyo sifa yake mbele ya watoto.

Lakini akifika miezi sita hadi tisa, mwili wake humwambia kuwa sasa ana milki ya kulinda. Hugeuza mgongo ukutani, huinua mkia unaotetemeka, na kunyunyiza mkojo. Huo si uchafu wala ukaidi. Ni barua anayowaandikia madume wenzake kuwa hapa pana mwenyewe. Kumchapa hakumfunzi lolote isipokuwa kukuogopa.

Kisha huanza kutembea. Hupotea siku mbili tatu akifuata harufu ya majike, huvuka barabara zenye magari, na hurudi na sikio limechanika. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Jeraha hujifunga upesi juu na kuacha usaha chini, na baada ya siku chache huwa jipu. Kuumana huko pia hueneza kirusi kinachodhoofisha kinga ya mwili wa paka, kilichogunduliwa mwaka 1986. Kirusi hicho ni ndugu wa kile cha UKIMWI, lakini hakimwambukizi binadamu kamwe.

Yapo pia maradhi yanayomwandama dume zaidi. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba, nao huweza kuziba. Ukimwona dume anachuchumaa mara kwa mara, analia na hatoi kitu, usidhani amefunga choo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa kuwa asiposaidiwa huweza kufa katika siku mbili au tatu.

TABIA ZA JIKE

Jike hakai mbali na nyumba, wala hapendi vita sana. Wafugaji wengi humsifu kwa utulivu, ingawa wengine humwona ni mwenye kujitenga, achaguaye mtu mmoja wa kumpenda na kuwavumilia waliobaki.

Gharama yake imo katika uzazi. Huweza kupata mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, naye bado ni mtoto machoni petu. Katika nchi za baridi, urefu wa mchana humfanya apumzike majira ya kipupwe. Lakini sisi tulio karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, hana msimu wa kupumzika. Asipopandwa, hali ya kutaka dume humrudia kila baada ya majuma mawili au matatu. Akipandwa, hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na kuzaa watoto wanne hivi. Anaweza kuzaa mara tatu kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: watoto kumi na wawili kwa mwaka, kutoka kwa paka mmoja uliyemleta kwa ajili ya panya. Je, una marafiki kumi na wawili wanaohitaji paka?

Hapo ndipo penye ukatili tunaoufumbia macho. Gunia la vitoto vya paka lililoachwa jalalani ni jambo linaloonekana katika miji yetu, na mara nyingi anayetumwa kulipeleka ni mtoto wa nyumba, yuleyule aliyeshangilia siku ya kwanza. Tunamfunza nini mtoto huyo? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini kabla ya sheria kuna utu.

KELELE ZA USIKU SI UCHAWI

Jike anapotaka dume hulia kwa sauti ndefu inayofanana mno na kilio cha mtoto mchanga. Madume wa jirani huitikia, hukusanyika, na vita huanza. Kwa sababu hiyo paka wengi wamepigwa mawe na kumwagiwa maji ya moto, kwa madai kwamba wametumwa na wachawi au kwamba si paka kamili. Na paka mweusi ndiye huadhibiwa zaidi. Ndugu msomaji, sauti ile ni ya uzazi tu. Jike mwenyewe hatoi mayai mpaka apandwe, ndiyo maana hulia siku kadhaa mfululizo akimtafuta dume. Tena huweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja, na watoto wa mimba moja wakawa na baba mbalimbali. Anayestahili lawama kwa kelele zile ni mwenye paka aliyeweza kuzizuia asizizuie.

YUPI HUKAMATA PANYA?

Wazee wengi husema jike ndiye mwindaji, na usemi huo una msingi: mama mwenye watoto huwinda kwa bidii na huwaletea windo, kwanza limekufa, kisha likiwa hai, ili wajifunze. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa paka methali hii ni kweli tupu. Kwa hiyo, kilicho muhimu kuliko jinsia ya mtoto unayemchukua ni mama yake. Chagua mtoto wa paka anayejulikana kwa kukamata panya, na usimtenge naye kabla ya majuma manane.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast walionyesha mwaka 2018 kuwa majike wengi hupendelea kutumia mguu wa mbele wa kulia, na madume wa kushoto. Lakini panya aliyekamatwa hana haja ya kuuliza amekamatwa kwa mguu upi.

Upole nao ni vivyo hivyo. Mtoto wa paka aliyeshikwashikwa na watu kwa wema kati ya juma la pili na la saba la maisha yake huwazoea binadamu kwa urahisi, awe dume au jike. Aliyekulia uvunguni bila kuguswa hubaki na woga.

KUHASI NDIKO KUAMUAKO

Sehemu kubwa ya tofauti tulizozitaja huondoka paka akihasiwa. Dume aliyehasiwa huacha kuzurura na kupigana kwa kiasi kikubwa, na tisa katika kila kumi hivi huacha kunyunyiza mkojo, au hupunguza sana. Jike aliyetolewa kizazi halii usiku, hazai, wala hapati ugonjwa wa mfuko wa uzazi kujaa usaha ambao huwaua majike wengi wakubwa. Akifanyiwa hivyo kabla ya miezi sita, hatari ya saratani ya matiti hupungua mno.

Hapa pana tofauti ambayo mfanyakazi mwenye kipato cha kuhesabu yampasa kuijua. Kwa dume, kazi ni fupi na kidonda ni kidogo. Kwa jike, daktari hupasua tumbo. Kwa hiyo gharama huwa kubwa zaidi na kupona huchukua siku nyingi. Uliza bei kwa daktari wa mifugo kabla ya kumleta paka nyumbani, si baada ya mimba. Kumbuka pia kuwa dume huweza kuzalisha kwa majuma machache baada ya kuhasiwa, na kuwa paka aliyehasiwa hunenepa upesi akilishwa kupita kiasi.

AFYA YA NYUMBA

Awe dume au jike, paka achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na apewe dawa ya minyoo. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana, oshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mchanga wa haja ubadilishwe kila siku, na mama mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Chakula kiwe na dagaa au nyama iliyopikwa, kwani ugali mtupu haumtoshi paka. Asipopata viini vilivyomo katika nyama na samaki huweza kupofuka na kuugua moyo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji safi yanatosha. Usimpe kamwe tembe ya parasetamoli, maana humuua. Wala usiweke sumu ya panya katika nyumba yenye paka, kwa kuwa akila panya aliyekula sumu naye huangamia.

UAMUZI WAKO

Kama unaishi nyumba ya wapangaji wengi, huna ua, na fedha zako ni za kuhesabu, mchukue dume na umhasi mapema. Kama una ua, jirani wavumilivu na uwezo wa kumlipia daktari, jike aliyetolewa kizazi atakaa nawe kwa utulivu miaka mingi. Ukitaka wawili, dume na jike waliohasiwa, hasa wa tumbo moja, huelewana kuliko madume wawili wasiohasiwa.

Na kama hukusudii kumhasi yeyote, basi, msomaji mpendwa, swali la dume au jike halina faida kwako. Nunua mtego wa panya, na uwahurumie wale watakaozaliwa ili watupwe.