Data ya Nyumbani Huishia Wapi? Pima Kwanza Kabla ya Kuzima Seva ya Mchezo

Kifurushi cha mwezi kinaisha tarehe 18, na nyumba nzima tayari ina wa kumlaumu: kijana aliyegeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya mchezo wa Minecraft ili yeye na wenzake wacheze pamoja jioni. Mzazi anaamuru seva izimwe. Kijana anaapa kuwa si yeye. Dada yake mkubwa, anayefanya kazi za mtandaoni, analalamika kuwa mikutano yake ya video hukwama kila ifikapo saa mbili usiku. Huenda wote watatu wana haki, ila hakuna atakayejua mpaka data ipimwe.

Upimaji huo hauhitaji fundi wala kifaa kipya. Unahitaji mkazi aelewe mambo machache na awe na subira ya wiki moja.

Kiasi na kasi

Kiasi cha data ni kama maji yaliyo ndani ya tangi, nayo kasi ni upana wa mfereji. Kifurushi huuzwa kwa gigabaiti, yaani kiasi. Laini ya faiba huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani kasi. Biti 8 hufanya baiti 1, hivyo laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1.25 pekee kila sekunde.

Seva ya mchezo hupokea data kidogo na kutuma nyingi, kwa sababu inampelekea kila mchezaji taarifa za yanayotendeka. Kwenye kifurushi cha simu, data inayotumwa huhesabiwa sawa na inayopokelewa. Laini nyingi pia zina kasi ndogo ya kutuma kuliko ya kupokea. Hapo ndipo mkutano wa video wa dada hukwama, hata kama kifurushi bado kina gigabaiti za kutosha.

Hesabu ya mfano

Tuseme kila mchezaji aliye nje ya nyumba anatumiwa wastani wa kilobiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 45 kwa saa. Wachezaji 5 wakicheza saa 4 kila siku kwa siku 30, jumla ni gigabaiti 27.

Sasa linganisha na runinga. Filamu ya ubora wa HD inaweza kutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa. Saa 2 kila siku kwa mwezi ni gigabaiti 180. Katika nyumba ya namna hiyo, kuzima seva hakungeokoa kifurushi. Hata hivyo, ni mfano tu, na kila nyumba inapaswa kupata takwimu zake.

Namna ya kupima

Anzia kwenye ruta. Anwani ya kufungua ukurasa wake, pamoja na nenosiri, kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Ruta nyingi huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na baadhi huonyesha data iliyotumiwa na kila kimoja.

Kwenye kompyuta ya Windows 10 au 11, mipangilio ya mtandao huonyesha data ambayo kila programu imetumia kwa siku 30 zilizopita. Kwenye Linux, programu ya bure ya vnStat hutunza hesabu ya kila saa, siku na mwezi bila kusoma yaliyomo, nayo NetHogs huonyesha ni programu gani inatumia mtandao wakati huohuo.

Tahadhari moja: hesabu ya kompyuta ya seva hujumuisha pia wachezaji walio kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ilhali hao hawapunguzi kifurushi. Kwa hivyo jumla ya kulinganisha na salio ni ile ya ruta au ya mtoa huduma.

Andika takwimu kila usiku kwa siku 7, ukitaja kifaa, kiasi na saa ya matumizi.

Kupunguza bila kuzima

Ikibainika kuwa seva ndiyo inayobana laini, yako ya kufanya. Katika faili ya mipangilio ya seva ya Minecraft, umbali wa kuona huwa 10 usipobadilishwa. Ukishushwa hadi 6, vipande vya ramani anavyotumiwa mchezaji hupungua kutoka takriban 441 hadi 169. Idadi ya wachezaji, ambayo huwa 20, inaweza pia kupunguzwa. Nyumba inaweza kukubaliana saa za mchezo zisigongane na saa za kazi, na programu kubwa zipakuliwe usiku kama kifurushi kinaruhusu.

Dalili ya hatari

Kipimo kinaweza kufichua jambo zito zaidi ya mchezo. Kifaa kinachotuma data nyingi saa tisa usiku, wakati kila mtu amelala, kinafaa kuchunguzwa. Huenda ni nakala za picha zinazohifadhiwa mtandaoni, au huenda kimeingiliwa.

Mwaka wa 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi za majumbani duniani kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuwa wameyabadilisha. Miongoni mwa shabaha zake zilikuwa seva za Minecraft. Wenye vifaa hivyo hawakujua kwamba data yao inatumika kushambulia wengine.

Kwa sababu hiyo, badilisha nenosiri la kiwandani la ruta na la kila kamera, weka masasisho ya vifaa, na uruhusu kwenye seva wachezaji unaowajua tu.

Takwimu zako zisipolingana na za mtoa huduma, wasilisha malalamiko kwake kwanza na uhifadhi nambari ya malalamiko. Asiposhughulikia, unaweza kufika kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Rekodi ya siku 7 itakusaidia katika ofisi zote mbili, na pia sebuleni, mzazi na kijana wanapoketi kuamua kama seva itabaki au itazimwa.