UZI: "Mambo ya jinsia ni ya wazungu, sisi tunataka maji"

1/ Mjadala ukifika kwa pesa za wafadhili, hakosi mheshimiwa wa kusema hivyo. Anapigiwa makofi. Kauli hii ina ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Twende polepole.

2/ Historia kwanza. Mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika hapa hapa Nairobi, 1985. Miaka 10 baadaye, Beijing, nchi zilikubaliana usawa usiwe mradi wa pembeni. Uingizwe kwa kila mpango: maji, kilimo, afya, barabara. Kenya ilikuwa mezani. Hatukuletewa usiku.

3/ Sasa vile inapimwa. Nchi wafadhili zilizo kwenye kamati ya misaada ya OECD huupa mradi alama. 0: usawa si lengo. 1: ni lengo muhimu, ila si sababu ya mradi kuwepo. 2: ndiyo sababu yenyewe. Lakini alama hii inaangalia nia iliyoandikwa kwenye mpango, haiangalii kilichotokea mashinani. Shikilia hapo.

4/ Kwetu Ukambani tulichimbiwa kisima. Kamati ilikuwa na akina mama watatu, fomu ikajazwa vizuri. Mikutano ikawekwa asubuhi, siku ya soko. Nani ako sokoni siku hiyo? Wao. Kisima kikawekwa karibu na maduka, mahali pazuri pa kuosha boda. Mama yangu aliendelea kutembea na mtungi mwendo ule ule.

5/ Pampu ilipoharibika, hazina haikuwa na kitu. Wale akina mama wanaendesha chama miaka mingi na shilingi haijawahi kupotea, lakini hakuna aliyewapa daftari. Walipewa viti tu.

6/ Kwa hivyo mheshimiwa anaposema "tunataka maji, si jinsia", mimi nauliza: maji ya nani? Anayechota ndiye anajua njia, saa na foleni. Usipomuuliza, unachimba mahali pabaya kwa pesa nzuri.

7/ Ukweli wake uko wapi? Miradi mingine inahesabu vichwa vya wanawake kwenye semina, inapiga picha, inaenda. Hapo malalamiko ni ya haki. Ila dawa ya kazi mbaya ni kuifanya vizuri, si kuitupa.

8/ Na jinsia si wanawake pekee. Kliniki ikifungwa saa kumi jioni, kijana wa mjengo atapimwa presha saa ngapi? Hilo pia ni swali la jinsia.

9/ Hata bila mfadhili, Katiba ya 2010, kifungu cha 27(8), inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Hiyo tuliipigia kura wenyewe.

10/ Mradi ukija wadi yako, uliza haya manne kwa baraza:
– Mkutano ni saa ngapi, na nani hataweza kufika?
– Nani alichagua mahali?
– Nani anashika daftari la pesa?
– Baada ya mwaka mmoja, ni safari ya nani imepungua?

Asiyeweza kujibu la nne hajaleta maji. Ameleta shimo.

Kama kwenu iliendaje, niambie hapa chini. Nasoma zote.